Wema Mdogo Hauna Daftari

Kondele, Kisumu, saa kumi na moja jioni. Matatu ya Kakamega imejaa, na upande wa ziwa wingu limesimama jeusi kama sufuria ya jikoni shuleni. Mama mmoja aliyempakata mtoto anatoa shilingi 150, nauli aliyotajiwa akiwa bado chini. Makanga haipokei.

"Mathe, imepanda. Ni mia mbili. Si unaona mvua?"

Mama anafungua kibeti, anachungulia, anakifunga. Kabla maneno hayajawa makali, mkono unajitokeza kutoka kiti cha nyuma ukiwa na noti ya hamsini. Mwenye mkono ni kijana aliyejaza nyaya za simu masikioni, na hata hakuzitoa. Mama akamwomba namba amtumie akifika nyumbani. Kijana akatikisa kichwa. "Wacha tu, mathe."

Ingekuwa imeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini mzee niliyeketi naye, aliyekuwa amelikumbatia daftari la Kasuku lisilowe, aligeuka nyuma. "Kijana, umekosea. Umemfunza makanga kwamba akipandisha, atalipwa." Mama wa makamo akamrukia: "Kwa hivyo ashushwe na mtoto, mzee?" Wa tatu, sauti nzito kutoka karibu na mlango: "Wema gani wa hamsini? Wema ni kumlipia mtoto wa mwenzako karo." Na dereva, ambaye hakuulizwa, akaongeza kwamba eti Kenya imetajwa ya pili duniani kwa kutoa. Tulicheka mpaka Mamboleo.

Nimeufikiria mjadala ule tangu siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema uongo. Kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu chake, na vyote wakaviita wema. Mkanganyiko huo nausikia kila mahali: kanisani, kwenye chama, kwenye ploti, na zaidi wakati habari za michango zinapotawala redio. Basi tuvitenganishe.

Neno moja, mizigo mingi

Kiswahili hakikutunyima maneno, ila sisi tunayarundika mahali pamoja. Ukarimu ni kumfungulia mtu ulicho nacho: kiti, sahani, kitanda. Sadaka hutolewa kwa ajili ya Mungu, hata ikipitia mkononi mwa binadamu. Msaada ni neno pana mno, linaingia hata kwa serikali na mashirika yanayoleta unga mto Nyando ukifurika. Mchango ni wa wengi kwa pamoja, na huwa na mweka hazina. Hisani ni jema unalomfanyia mtu asiyekudai chochote.

Kuna pia fadhila, dada yake hisani, ila huyu hupenda kukumbukwa. Ndiyo maana tukasema fadhila ya punda ni mateke. Ukiutazama vizuri usemi huo, utaona kwamba anayeusema ni mtu aliyekuwa anangoja kitu.

Wema mdogo ninaouzungumzia hapa umekaa karibu kabisa na hisani. Unamgharimu mtendaji kidogo, huamuliwa papo hapo bila kikao, humfikia mtu asiye na dai kwako, na ukiisha umeisha. Hakuna hesabu inayofunguliwa.

Mfano wake bora ni kuomba moto. Kwenye ploti za Nyalenda na Manyatta bado utakuta mtu anabisha hodi jioni akiwa na kopo, anaomba makaa mawili ya moto awashie jiko lake. Unayaokota kwa kijiko, unampa, unafunika sufuria yako. Maharage yako hayajui kwamba kuna kilichotoka. Yeye lakini amepata moto wa jioni nzima bila kutumia mafuta ya taa. Ulichopoteza wewe na alichopata yeye havilingani hata kidogo, na ndipo ulipo utamu wa jambo lenyewe. Akija kuomba gunia la makaa, hilo ni ombi lingine. Pengine utampa, lakini mtakaa chini mzungumze.

Daftari la mzee

Mzee wa matatu ile alikuwa mweka hazina wa kamati ya matanga, anapeleka hesabu nyumbani Vihiga. Hilo lilinieleza kwa nini noti ya hamsini isiyoandikwa popote ilimkera.

Anayetoka upande wetu wa magharibi analijua daftari hilo. Mtu akifiwa, meza hutolewa nje, kijana mwenye mwandiko mzuri huitwa, na majina huandikwa moja moja: nani kaleta shilingi mia tano, nani debe la mahindi, nani kuku, nani kuni. Baadaye husomwa kwa sauti. Mgeni kutoka mbali anaweza kuona ni majivuno. Sivyo. Daftari lile ni bima. Siku wewe ukifiwa, familia ile itafungua kurasa zake ione ulisimama wapi. Mjomba wangu hutunza yake kwenye sanduku moja na hati ya shamba, na simlaumu.

Waluo wana nyoluoro, ambapo wanachama huchanga na kupokezana zamu kwa zamu, na wana saga, kazi ya shamba ya pamoja ambapo leo ni kwangu na kesho ni kwako. Chama cha akina mama wa soko la Kibuye kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Hapo kuna upendo mwingi, lakini kuna deni pia, na deni hilo ndilo linaloshikilia nyumba. Ukilikwepa, utasemwa, na ni haki usemwe.

Harambee ilichukua tabia hiyo ya vijijini ikaipa nchi nzima. Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na upande wetu lilizaa matofali kweli: chuo cha RIAT hapa Kisumu na kile cha WECO kule Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, vilianza kwa michango ya wananchi. Kisha wanasiasa wakaingia na mabunda, na mchango ukageuka jukwaa. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Wiki ile nilimsikia muuza omena akimwambia mteja kwa utani, "Nyongeza imepigwa marufuku, si umesikia redio?" Ulikuwa utani, lakini wapo waliochanganyikiwa kwelikweli. Tangazo lile liliwahusu wenye vyeo na kutoa kwao hadharani. Halikumgusa anayemwongezea jirani omena kiganja kimoja.

Na zile noti zinazorushwa kwenye mkutano wa kampeni? Hizo ni biashara. Ukipokea kitu huku ukijua, hata kwa macho tu, kinachotarajiwa kutoka kwako, umeuza.

Nina kipimo changu cha kutenganisha haya yote, nacho ni simango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha mema uliyomtendea ili umwumize. Jiulize: je, kitu hiki naweza kumsimangia mtu kesho bila kuonekana kituko? Karo, ndiyo, na wapo wanaosimangiwa karo mpaka wana wajukuu. Kodi ya nyumba, ndiyo. Lakini jaribu kusema mbele ya watu, "Wewe si ndiye niliyekuongezea hamsini Kondele?" Utachekwa mpaka uhame. Wema mdogo ni ule usiotosha kusimangiwa, na ndiyo sababu mpokeaji anaweza kuubeba bila kuinamisha kichwa.

Sasa lile la dereva. Ni kweli kwamba ripoti ya mwaka 2024 ya shirika la Uingereza liitwalo Charities Aid Foundation iliiweka Kenya ya pili, nyuma ya Indonesia. Watu walishangaa: sisi hawa tunaosukumana kupanda gari? Ila ripoti hiyo ilitokana na maswali matatu ambayo watu waliulizwa: je, mwezi uliopita ulimsaidia mtu usiyemjua, ulitoa pesa kwa jambo jema, ulijitolea muda wako? Kwa nchi yenye matanga, makanisa na vyama kama yetu, jibu la ndiyo halitafutwi mbali. Na maswali hayo yalichanganya daftari la mzee na mkono wa kijana katika kapu moja, na kumwamini aliyejibu. Sioni kosa, ila usiichukue namba hiyo kama cheti cha roho zetu.

Roho si ngumu, saa ndiyo fupi

Maelezo tunayopeana kila mtu anapopitwa njiani ni kwamba watu wa mjini hawana utu. Mimi nilikuwa naamini hivyo.

Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya Princeton, vijana waliokuwa wakisomea kazi ya Mungu. Waliambiwa waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wameambiwa wamechelewa, wengine wako sawa kwa saa, wengine bado wana muda. Wenye muda walisimama kusaidia kwa asilimia 63. Waliokuwa sawa kwa saa, asilimia 45. Waliochelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Yupo aliyekuwa anakwenda kumhubiri huku akimruka.

Miaka mitano kabla yake, mwaka 1968, Darley huyohuyo na mwenzake Latané walimweka mwanafunzi mmoja mmoja chumbani, akizungumza na wengine kupitia kipaza sauti. Ghafla mmoja wao akasikika kama amepatwa na kifafa. Waliodhani wamebaki wao na mgonjwa tu walitoka kutafuta msaada kwa asilimia 85. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Hawakuwa wakatili. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake.

Hebu chukua hayo uyapeleke mzunguko wa Kondele siku ya soko, kisha uyapeleke kwenye njia ya miguu kijijini Emuhaya. Mtu akianguka Emuhaya, wewe ndiwe pekee unayemwona, na saa yako haikukimbizi. Akianguka Kondele, kuna macho mia mbili, na kila jicho lina gari la kuwahi. Mtu ni yuleyule. Ukimleta wa Emuhaya Kondele atapita, na nimewaona ndugu zangu wenyewe wakipita.

Kutokana na hilo kuna mbinu moja inayofanya kazi: ukihitaji msaada katikati ya umati, usipige kelele kwa wote. Mchague mmoja. "Wewe kaka wa boda, mwenye koti la kijani, nishikie hapa." Umemtoa kwenye umati, sasa yuko Emuhaya.

Soksi zilizomshinda jirani

Imani nyingine inayotupoteza ni kwamba wema unahitaji pesa. Hapa nitajieleza mwenyewe.

Nilipokuwa nakaa Migosi nilifua nguo zangu zote Jumamosi moja, nikaanika, nikaenda mjini. Jua la Kisumu la saa sita humdanganya hata mwenyeji. Saa kumi mvua ilishuka kutoka ziwani kama imetumwa. Nilirudi nimelowa chapachapa, nikaikuta kamba tupu. Wazo la kwanza lilikuwa wizi, na nikaanza kumtukana mtu nisiyemjua. Kisha nikaona beseni mlangoni pangu, limefunikwa kwa leso. Ndani, nguo zangu zilikuwa zimekunjwa, shati la kola juu kabisa ili lisipondeke. Soksi tu ndizo zilizopangwa ovyo, nyeusi na ya kijivu, ndefu na fupi.

Nilibisha milango na ile leso. Mlango wa tatu mama mmoja aliipokea bila kuinuka kwenye kigoda. "Ni yangu. Nilianua zangu, nikaona na zako ziko. Soksi ndizo zimenishinda, mwanangu."

Kuanua nguo za jirani ni dakika mbili. Ambalo yule mama hakujua ni kwamba Jumatatu nilikuwa na mahojiano ya kazi na shati lilikuwa hilo moja. Wala sikumwambia. Kwake yeye lilikuwa jambo la kamba na mawingu.

Pengo hilo kati ya anachokiona mtendaji na anachokipata mpokeaji limepimwa. Watafiti Kumar na Epley walichapisha mwaka 2022 kazi iliyofanyika Chicago, mahali pa kuteleza kwenye barafu wakati wa baridi. Watu walipewa nafasi ya kumpa mgeni wasiyemjua kikombe cha kinywaji moto cha chokoleti, kisha wakakisia atafurahi kiasi gani. Walikisia chini ya ukweli. Mtoaji alikuwa anahesabu kikombe, mpokeaji alikuwa anahesabu kwamba kuna mtu aliyemwona. Naamini hapa ndipo wema mwingi unapofia. Tunadhani ni kidogo mno, tutaonekana wa ajabu, basi tunanyamaza.

Hata pale pesa inapohusika, kiasi si hoja. Mwaka 2008 watafiti huko Vancouver, Kanada, waliwagawia watu bahasha asubuhi, wengine dola 5, wengine dola 20. Baadhi waliambiwa wazitumie kwa ajili yao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, na dola 20 hazikuzishinda dola 5. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2013, ilijaribu wazo hilo Uganda pia, kwa majirani zetu wa ziwa, na mwelekeo ukawa uleule. Kwa hiyo yule wa sauti nzito mlangoni, anayesubiri apate karo ndipo awe mwema, anajinyima bure.

Wema umewekewa hata siku yake ya dunia, Novemba 13, tangu mwaka 1998. Sijaona mtu wa Kibuye akiisherehekea, na sidhani amekosa kitu.

Woga wenye sababu

Kuna watu hawasaidii kwa sababu wanaogopa, na woga huu siwezi kuucheka. "Ukimpeleka aliyegongwa hospitali, utalipishwa wewe." "Utashikwa, utaambiwa ndiwe uliyemgonga." Kwenye barabara ya Ahero nimeyasikia haya yakisemwa juu ya mtu anayevuja damu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikakazia, na kituo kinachoweza kumtibu mtu wa dharura kikikataa, kinatenda kosa. Hutakiwi kuweka amana ndipo aguswe. Ukiogopa kumgusa, usimguse. Pengine ni afadhali, kwa sababu aliyeumia shingo akibebwa juu juu kama gunia huweza kuumia zaidi. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Simama barabarani uzuie magari. Mfunike. Simu na dakika kumi za kusimama, huo ni wema mzima.

Woga wa pili ni utapeli, na huu umekua pamoja na M-Pesa tangu ilipoanza mwaka 2007. Ujumbe unaingia kwamba umepokea elfu tatu, kisha simu: "Mama, nimekosea namba, ni pesa ya hospitali, nirudishie." Moyo wako mwema ndio mtego. Angalia salio, usiangalie ujumbe. Hata pesa ikiwa imeingia kweli, usiitume kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili irudishwe na kampuni, nawe uiache bila kuigusa. Mkosaji wa kweli atashukuru. Tapeli atakutukana, na hapo utakuwa umepata jibu.

Na mzee wangu wa daftari? Alikuwa na nusu ya haki. Hamsini ile haikurekebisha nauli zinazopanda kila wingu linapotokea, na haikukusudiwa kuzirekebisha. Hilo ni suala la wenye magari, la chama chao, la sheria, na la abiria wakikataa kwa pamoja. Makosa ni kuudai wema mdogo ufanye kazi ya bunge, kisha kuulaumu ukishindwa. Mama alihitaji kufika nyumbani na mtoto kabla ya mvua. Alifika.

Aliteremka Mbale. Akiwa mlangoni alirudi hatua moja, akachomoa kwenye mfuko wake wa Kibuye ndizi mbili zilizoiva, akaziweka mapajani mwa kijana, akashuka kabla hajajibiwa. Kijana akatoa waya mmoja sikioni. Akamenya ndizi moja, ya pili akampa makanga, ambaye aliipokea huku akitazama nje.

Mzee aliyaona yote. Akafungua daftari lake, akalifunga. "Na hiyo nayo," akaniuliza kwa sauti ya chini, "tungeiandika kwa jina la nani?"